Reli moja, tumbusi wawili: kisa cha Tabora na Kigoma

Treni inayotoka Tabora kwenda Kigoma hupita Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka na Uvinza kabla ya kushuka ziwani, mwendo wa kilomita mia nne hivi. Reli hii ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa anayefuatilia ndege, ncha zake mbili zinaleta swali linalostahili kuchambuliwa kwa utulivu. Kigoma, kwenye michikichi ya ukanda wa ziwa, anaishi tumbusi ambaye barani Afrika hajatikisika, na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, linamweka katika daraja la viumbe wasiotia wasiwasi. Tabora, kwenye miombo na mbuga za Ugalla, wapo tumbusi wanaokula mizoga, na hao ndani ya nusu karne wameporomoka kiasi cha kutisha. Ni ndege wa familia moja, katika nchi moja, chini ya sheria ileile ya wanyamapori. Ni nini kilichomnusuru mmoja wao?

Tuanze na aliyenusurika, kwa sababu hazungumzwi sana.

Tumbusi wa michikichi ni rahisi kumpita bila kumtambua. Aliyekomaa ni mweupe, mwenye weusi mbawani na mkiani, na ngozi tupu yenye wekundu kuzunguka jicho. Wengi wakimwona juu ya mti ufukweni hudhani ni furukombe, maana wote wawili wana kichwa cheupe na wote hupenda kukaa karibu na maji. Ukitaka kuwatenganisha, tazama tumbo na mkia. Furukombe ana tumbo la kahawia na mkia mweupe. Tumbusi huyu ana tumbo jeupe, na mkia wake ni mweusi wenye ncha nyeupe. Makinda wake ni wa kahawia, na huchukua miaka mitatu hadi minne kuvaa weupe huo. Ni mdogo pia: hafiki kilo 2, wakati tumbusi mgongo-mweupe huanzia kilo 4 na anaweza kufika 7.

Chakula chake ndicho kinachomtofautisha na jamaa zake wote. Zaidi ya nusu ya mlo wake ni chikichi, ile nyama laini ya nje ambayo akina mama wa Kigoma huipika na kuikamua mawese. Hulichomoa tunda kwa mdomo, akalishika kwa mguu, akaichuna nyama na kuiacha kokwa. Kinachopungua hujazia kwa kaa, konokono, panzi, samaki waliotupwa na maji, na mara chache mzoga. Huishi peke yake au na mwenzake, kwenye eneo analolijua, na hana haja ya kuzunguka nusu ya nchi kutafuta riziki.

Mchikichi ukiwepo, naye hufika. Mfano ulio wazi kuliko yote uko mbali kidogo na kwetu, mji wa Mtunzini, Afrika Kusini. Mwaka 1916 ilipandwa huko miti ya rafia, jamaa ya mchikichi, kusini kuliko mahali inapoota yenyewe. Ilipokua na kuzaa, tumbusi hao walikuja na kuweka makao. Mkono wa binadamu ulipanda mti, na ndege akasogeza mpaka wake. Kwetu Kigoma historia ya mti huu ni ndefu zaidi: wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 waliikuta michikichi, na Burton akaiandika katika habari za safari yake. Kwa hiyo tunazungumzia ndege ambaye kwa vizazi vingi amekula kutoka mashamba ya watu, pembeni ya nyumba zao, juu ya vichwa vya watoto wanaookota chikichi zilizoanguka.

Sasa tupande treni turudi Tabora.

Kwenye savana za magharibi wapo tumbusi wa namna nne wanaohusika na kisa hiki. Yupo mgongo-mweupe, anayekuja kwa makundi makubwa. Yupo yule mkubwa kuliko wote, mwenye ngozi iliyokunjamana kichwani na shingoni, mwenye mdomo wa kupasua ngozi ya nyati. Yupo kichwa-cheupe, anayetembea wawili wawili na mara nyingi hutangulia kwenye mzoga mdogo. Na yupo mdogo wa kahawia mwenye mdomo mwembamba, anayesubiri pembeni na kuokota mabaki. Hawa hutaga yai moja tu kwa msimu. Mgongo-mweupe hulalia yai karibu miezi miwili, kinda hukaa kiotani miezi minne hivi, na huchukua miaka mitano au zaidi kabla ya kuanza kuzaa. Ndege wa namna hii hudumu kwa sababu wakubwa wake hawafi ovyo. Wakubwa wakianza kufa, uzazi hauwezi kufidia.

Mwaka 2015 mtafiti Darcy Ogada na wenzake walitoa katika jarida la Conservation Letters hesabu iliyokusanya kumbukumbu za barani kote, nyingi zikitokana na watu waliohesabu ndege barabarani na kurudia njia zilezile miaka mingi baadaye. Walikadiria kushuka kwa muda wa vizazi vitatu vya ndege, yaani karibu nusu karne au zaidi. Mgongo-mweupe: asilimia 90. Kichwa-cheupe: asilimia 96. Yule mkubwa mwenye mikunjo: asilimia 80. Mdogo wa kahawia: asilimia 83. Oktoba mwaka huohuo IUCN ikawapandisha mgongo-mweupe, kichwa-cheupe na mdogo wa kahawia hadi daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, hatua moja kabla ya kutoweka porini, na yule mkubwa akawekwa daraja moja nyuma yao.

Asilimia 90 haionekani kwa macho inapotokea. Ukipoteza ndege 4 kati ya kila 100 kwa mwaka, hakuna mfugaji wala askari wa wanyamapori atakayegundua tofauti kati ya mwaka huu na uliopita. Endelea hivyo miaka 50, wale 100 wamebaki 13. Mtu aliyezaliwa Kaliua mwaka 2000 anaona tumbusi wachache juu ya mzoga na kudhani ndiyo idadi ya kawaida. Babu yake angeona kitu kingine kabisa. Hili ndilo linaloniumiza zaidi katika habari hii: kila kizazi kinaanza kuhesabu kutoka pale kilipokuta.

Tuje kwenye washukiwa.

Mshukiwa wa kwanza anayetajwa ni wingi wa watu. Idadi ya watu imepanda, makazi yametapakaa, ndege wamekosa pa kukaa. Ni rahisi kuamini, lakini tumbusi wa michikichi anaishi katikati ya watu na hajaporomoka. Ukanda wa ziwa kuzunguka mji wa Kigoma una watu wengi kuliko pori la Ugalla. Kukaribiana na binadamu peke yake hakuui tumbusi.

Mshukiwa wa pili ni ukataji wa miti. Hapa Tabora haina pa kujificha. Tumbaku hukaushwa kwa moto wa kuni, na miombo ya Urambo na Kaliua imelipa gharama hiyo kwa miongo mingi. Tumbusi mgongo-mweupe hujenga juu ya miti mirefu, mara nyingi kandokando ya mito. Mti mkubwa ukianguka, kiota kimekwenda nao. Nakubali kwamba hili linapunguza uzazi. Lakini ndani ya hifadhi ambako miti imesimama, tumbusi nao wamepungua. Hesabu za Masai Mara, Kenya, zilizochapishwa mwaka 2011 na mtafiti Munir Virani na wenzake, zilionyesha tumbusi kushuka kwa karibu asilimia 60 kati ya miaka ya 1970 na 1980 na ile ya 2003 hadi 2005, na Mara ni hifadhi inayosifika duniani kwa wanyama.

Wa tatu ni maumbile yao wenyewe. Mtu anaweza kusema: tumbusi wa michikichi amepona kwa kuwa ni mdogo, anaishi peke yake, hakusanyiki. Hoja hii nimeipima zaidi ya nyingine, kwa sababu ina uzito. Mzoga mmoja wenye sumu unaweza kuita ndege mia wanaokula kwa pamoja, na wote wakafa kabla ya jua kuzama. Anayeishi wawili wawili hafi kwa mamia kwa siku moja. Ila tazama kichwa-cheupe. Naye huishi wawili wawili, naye ana eneo lake, naye hapendi msongamano, na ameshuka kwa asilimia 96. Tazama na yule mdogo wa kahawia: uzito wake ni kilo 2 hivi, karibu sawa na wa michikichi, na sehemu nyingi za Afrika Magharibi ameishi sokoni na machinjioni bila woga wa watu. Ameshuka kwa asilimia 83. Udogo haukumwokoa huyu, upweke haukumwokoa yule.

Baada ya kuwaondoa wote hao, kinachobaki ni sahani. Wote walioporomoka hula nyama iliyokufa. Aliyesalimika hula chikichi. Kumbukumbu za vifo vya tumbusi 7,819 katika nchi 26 za Afrika, zilizochambuliwa kwenye utafiti uleule wa Ogada, zinasema jambo hilohilo kwa njia nyingine: asilimia 61 waliuawa na sumu, asilimia 29 waliuawa kwa ajili ya biashara ya viungo vyao kwa imani za tiba na bahati, na asilimia 9 walikufa kwenye nyaya za umeme.

Sumu hiyo inafikaje kwenye mzoga wa Tabora? Lazima turudi nyuma kidogo. Kwa muda mrefu sehemu kubwa ya miombo hii ilikuwa nchi ya mbung'o, na ng'ombe hawakukaa. Malale yaliifanya serikali ya kikoloni, miaka ya 1920 na 1930, iwahamishe watu na kuwakusanya kwenye makazi yaliyofyekwa, na mapori makubwa yakabaki kwa wanyama. Kisha Urambo ikaja mashamba makubwa, kwanza mpango wa karanga wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, halafu tumbaku. Pori lilivyofunguka, wafugaji kutoka Shinyanga na Mwanza nao walisogea kusini na magharibi na mifugo yao kutafuta malisho. Hapo ndipo mambo mawili yalipokutana: ng'ombe jirani na simba na fisi, na viuatilifu vya shamba ndani ya nyumba hizohizo.

Simba akiua ng'ombe usiku, mwenye ng'ombe amepoteza ada ya shule, mahari, akiba ya mwaka. Simlaumu kwa hasira yake. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kutumia sumu kwa wanyama, na kanuni za mwaka 2011 zinaweka kifuta jasho na kifuta machozi kwa walioharibiwa mali au kuumizwa na wanyama wakali. Lakini kifuta jasho kinachochelewa hakishindani na chupa iliyopo nyumbani leo. Mabaki ya ng'ombe hunyunyiziwa dawa, simba au fisi akirudi anakufa. Na wanakufa wengine ambao hawakulengwa. Februari 2018, karibu na Ruaha, simba 6 walikufa kwa kinachoaminika kuwa sumu, na pamoja nao tumbusi 74. Simba 6 ndio waliofanya habari itangazwe duniani. Tumbusi 74, kwa ndege anayelea kinda mmoja kwa msimu, ni pigo la miaka.

Kuna na sumu inayomlenga tumbusi mwenyewe. Kundi linalozunguka angani humwonyesha askari mahali tembo alipoangushwa, na jangili anayejua hilo humwaga sumu kwenye mzoga akishang'oa pembe. Kati ya mwaka 2012 na 2014 matukio 11 ya namna hiyo yaliyorekodiwa katika nchi saba za Afrika yaliua tembo 155 na tumbusi 2,044. Juni 2019 Botswana, tembo watatu waliotiwa sumu waliondoka na tumbusi 537. Miaka ile ya 2012 hadi 2014 ndiyo ambayo Tanzania nayo ilikuwa ikimwaga damu ya tembo.

Ndiyo maana hifadhi peke yake haitoshi. Ugalla ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, na kaskazini yake ipo ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, eneo la kwanza nchini kuingia kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa ardhioevu, lililotangazwa mwaka 2000 likiwa na hekta milioni 3.25. Kusini yake ipo Katavi. Kwenye ramani inaonekana nchi kubwa mno. Kwa tumbusi mgongo-mweupe ni ndogo, maana kwa siku moja anaweza kuruka zaidi ya kilomita mia akitafuta kwa macho, akitazama ardhi na akiwatazama wenzake. Mmoja akishuka, wa mbali humfuata, na wa mbali zaidi humfuata yule. Anaweza kulala ndani ya hifadhi na kula nje ya mpaka. Tangu mwaka 2013 bustani ya wanyama ya North Carolina, Marekani, ikishirikiana na shirika la uhifadhi wa wanyamapori la WCS, imekuwa ikiwafuatilia tumbusi wa ukanda wa Ruaha na Katavi, baadhi wakiwa wamevalishwa vifaa vya kurushia taarifa kwa setilaiti. Kazi hiyo imeleta faida ambayo haikuwa lengo la kwanza. Vifaa kadhaa vikionyesha ndege wamesimama mahali pamoja bila kusogea, askari wanajua pa kwenda, na wakiwahi huichoma mizoga kabla haijaua kundi la pili.

Atakayeuliza hasara yetu iko wapi ndege hawa wakiisha, jibu lipo kwenye mizoga yenyewe. Ogada na wenzake waliweka mizoga Laikipia, Kenya, mingine ikifikiwa na tumbusi na mingine isifikiwe. Pasipo tumbusi, mzoga ulichukua karibu mara tatu ya muda kuisha, na wanyama kama fisi na mbweha waliokusanyika hapo waliongezeka karibu mara tatu, wakikaa muda mrefu zaidi wakigusana. Katika wilaya zenye kimeta na kichaa cha mbwa, hilo ni jambo la zahanati na la bwana mifugo kama lilivyo la askari wa wanyamapori. India ilipitia njia hii. Dawa ya maumivu ya ng'ombe iitwayo diklofenaki iliwaua tumbusi wake hadi aina moja ikashuka kwa zaidi ya asilimia 99 kati ya mwaka 1992 na 2007. Chanzo kilijulikana mwaka 2004, na serikali ikaipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006. Mbwa wa mitaani walichukua nafasi ya ndege kwenye mizoga, na kuumwa na mbwa kukaongezeka.

Kisa cha India kinanipa matumaini kwa jambo moja: chanzo kilipopatikana kilikuwa kwenye chakula, na chakula kinaweza kusafishwa. Hata kwetu, kama hukumu ya kisa hiki ni sahani, basi kazi haihitaji kuwahamisha watu wala kuzungushia uzio pori zima. Viuatilifu vikali kama karbofurani havipaswi kuuzwa kwenye chupa isiyo na lebo katika duka la pembejeo, na ukaguzi wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ufike hadi magulio ya msimu wa tumbaku, ambako chupa hizo hubadilishana mikono. Zizi la miiba iliyoshonwa vizuri, au la wavu wa chuma kwa anayeweza, humzuia fisi na simba usiku, na ng'ombe ambaye hakuliwa hana mzoga wa kutiwa sumu. Kifuta jasho kilipwe mapema, tena kwa wafugaji waliorekebisha mazizi yao kwanza.

Nyaya nazo ziangaliwe sasa, kabla hazijawa tatizo kubwa. Umeme unasambaa kutoka Tabora kupitia Urambo na Nguruka kwenda Kigoma. Zinazoua zaidi ni nguzo za usambazaji za msongo wa kati, ambapo mabawa mapana hugusa nyaya mbili kwa wakati mmoja. Kuning'iniza waya chini ya mkono wa nguzo, au kuufunika sehemu ndege anapotua, ni gharama ndogo ikifanywa wakati nguzo inasimamishwa.

Kigoma nayo isijisahau kwa kuwa ndege wake ni mzima. Tangu mwaka 2018, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipoanza kuusukuma upya mchikichi mkoani humo, kituo cha Kihinga cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, kimekuwa kikizalisha miche ya tenera, mbegu yenye kokwa nyembamba na nyama nene kuliko michikichi ya asili. Kwa tumbusi hiyo ni neema, kwani anakula nyama hiyohiyo. Lakini anajenga juu ya miti mirefu, na michikichi ya zamani pamoja na miti mikubwa ya kingo za mito ndiyo ya kwanza kukatwa shamba linaposafishwa kwa miche mipya. Ningependa maofisa kilimo wa Kigoma Vijijini na Uvinza wawaambie wakulima waache mirefu michache katika kila shamba, hasa bondeni. Na dawa za panya na wadudu zisimwagwe kwenye mabaki ya samaki fukweni, maana hapo ndipo sumu ya Tabora inapoweza kumpata hata ndege anayekula chikichi.

Kwa vijiji vinavyopakana na Ugalla, la kuanza nalo halisubiri bajeti ya mtu. Anayekuta mzoga wenye ndege au wanyama waliokufa pembeni asiuguse kwa mikono mitupu, asichukue nyama wala kichwa cha ndege, awazuie mbwa na watoto, na ampigie mwenyekiti wa kijiji au askari wa wanyamapori siku hiyohiyo. Mzoga na wote waliokufa juu yake wachomwe hadi majivu au wafukiwe shimo refu mbali na kisima. Hilo linaweza kuandikwa kwenye sheria ndogo za kijiji na kupitishwa kwenye mkutano mkuu ujao.